Damu Tunaongeza, Tundu Hatulitafuti

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasindikiza majirani wa Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mpaka hospitali za Mbarara ili niwakalimanie. Muuguzi huuliza kwa Kinyankore au kwa Kiingereza, mgonjwa hujibu kwa Kiswahili cha Kivu, nami nipo katikati yao. Saa za kukaa kwenye benchi ni nyingi, na katika kungoja huko nimezoea kusoma madaftari. Uganda mgonjwa hujinunulia daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo ndimo maisha ya mwili wake huandikwa.

Kuna ukurasa ninaokutana nao mara nyingi mno. Umeandikwa: upungufu wa damu, aongezewe chupa mbili, apewe vidonge vya kuongeza damu, arudi nyumbani. Nikifunua kurasa chache mbele, miezi minne baadaye, nakuta maneno yale yale kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nikifunua tena, yale yale. Mara tatu mtu amejazwa damu, na katika daftari zima hakuna mahali palipoandikwa swali moja: damu hii inakwenda wapi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mgonjwa akirudi mara ya pili kuongezewa damu na sababu haijajulikana, chupa ile ya pili iandamane na msako wa tundu linalomvuja. Na msako huo uruhusiwe kufika mwisho, hata kama mwisho wenyewe ni utumbo mwembamba, sehemu ya mwili ambayo wengi wetu tumeambiwa haichunguziki. Kumjaza mtu damu bila kutafuta anakovujia ni kumimina maji kwenye mtungi uliotoboka. Atakayechoka ni mchotaji, na kisima nacho kitakauka.

Bandu bandu huisha gogo

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6, umekunjwa na kukunjwa tena ndani ya tumbo. Ule mpira wenye kamera tunaoufahamu, unaopitishwa mdomoni, hushuka kooni, hulitazama tumbo la chakula na kuishia kwenye duodeni, mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba. Mpira mwingine, unaopitia njia ya haja kubwa, huuzunguka utumbo mpana. Mtaalamu mvumilivu akiupenyeza pale utumbo mpana unapokutana na mwembamba, huchungulia kipande kidogo cha mwisho. Baina ya vipimo hivyo viwili zinabaki mita kadhaa za utumbo ambazo hakuna aliyezitazama. Mgonjwa huambiwa, "Tumepima, hatukuona kitu," naye huelewa kwamba hana kitu. Hizo ni habari mbili tofauti.

Na ni mambo gani hukaa mle? Minyoo ya safura kwanza. Hujishika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu usiku na mchana. Mnyoo mmoja wa aina ndogo hunyonya kama mililita 0.03 kwa siku, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini tufanye hesabu ya mkulima anayelima bila viatu, mwenye minyoo 200. Hizo ni mililita 6 kila siku. Chupa ya damu inayotolewa kwa mchangiaji ni mililita 450. Ndani ya siku 75 minyoo imeimaliza chupa nzima, wala mgonjwa hajaona tone. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Halafu kuna vidonda vinavyoletwa na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa vidonge viwili viwili madukani, na mtu anayeamka na mgongo unaouma kwa jembe huvimeza kama njugu. Wengi tunajua dawa hizo huchubua tumbo la chakula. Wachache tumeambiwa kwamba huuchubua hata utumbo mwembamba, chini kabisa, mahali kamera ya mdomoni haifiki. Kipo kifua kikuu cha utumbo, kinachopenda kukaa pale utumbo mwembamba unapoishia. Ipo mishipa midogo ya damu iliyolegea na kuvuja kwa vipindi, leo inavuja, kesho imenyamaza. Na upo uvimbe, ule wa kawaida na ule wa saratani.

Hapo hapo kuna mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu kwa macho yangu. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu hupewa vidonge vya madini ya chuma, na vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Damu inayovuja juu kwenye njia ya chakula nayo hufanya choo kiwe cheusi. Basi mama akisema choo ni cheusi, hujibiwa upesi, "Ni vidonge hivyo." Mara nyingi ni kweli. Lakini choo cha damu hunata kama lami, hung'aa, na harufu yake haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni nani aliyemuuliza kama kinanata? Ni nani aliyemuuliza kama kilikuwa cheusi kabla hajameza kidonge cha kwanza?

Nakumbuka siku moja nikiwa mkalimani wa mama mmoja wa Misiera. Tabibu aliuliza habari za choo. Mama yule akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hayo si mambo ya kusema mbele ya watu." Nyuma yetu walikuwapo watu sita kwenye benchi, na mlango ulikuwa wazi. Akajibu kwamba choo kiko sawa. Nilitafsiri alichosema, nikijua siyo alichokuwa nacho moyoni. Mficha uchi hazai, ndivyo tunavyosema, na husemwa kumlaumu anayeficha. Siku ile niliona lawama imekosa mwenyewe. Huwezi kumtaka mtu afunue siri ya mwili wake hali mlango hukuufunga.

Lastiki kwenye pindo la sketi

Utumbo huo uliojificha siku hizi hutazamwa, na watu wanapaswa kujua unatazamwaje. Zipo njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kidonge chenye kamera. Kina urefu wa kama milimita 26 na unene wa milimita 11. Kilibuniwa na mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, na kikaanza kujulikana duniani mwaka 2000. Mgonjwa hukimeza kwa maji akiwa amefunga kula, akavaa kifaa cha kurekodi kiunoni, kisha akaendelea na siku yake. Kidonge husukumwa na utumbo wenyewe kama chakula kinavyosukumwa, na katika aina za mwanzo kilipiga picha mbili kila sekunde kwa muda wa kama saa 8. Hesabu yake hupita picha 50,000, na lazima daktari akae azitazame. Baadaye kidonge hutoka chenyewe chooni. Hakuna maumivu wala usingizi wa dawa. Ila kidonge huona tu. Hakiwezi kuchukua kipande cha nyama kipelekwe maabara, wala kuziba mshipa unaovuja. Na pale utumbo uliposinyaa, kama unavyoweza kusinyaa kwa kifua kikuu, kidonge huweza kukwama, na mgonjwa akaishia kwenye upasuaji.

Ya pili ni mpira wenye kamera na maputo mawili, ulioelezwa mwaka 2001 na daktari Mjapani, Hironori Yamamoto, pamoja na wenzake. Mpira wenyewe una urefu wa mita 2. Sasa mita 2 zinawezaje kutembea ndani ya mita 6?

Nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Misiera umtazame akipitisha lastiki kwenye pindo la kiunoni mwa sketi. Hufunga pini kwenye ncha ya lastiki, huiingiza tunduni, kisha huisukuma kidogo. Kitambaa hujikusanya nyuma ya pini kwa mikunjo. Hukishika kwa vidole vya mkono mmoja kisiteleze, huku mkono wa pili ukisogeza pini mbele. Pini fupi hulipita pindo refu kwa sababu kitambaa kinakunjwa na kurudishwa nyuma. Ndivyo daktari afanyavyo. Mpira wa kamera una puto kwenye ncha, na umevikwa mpira wa nje wenye puto lake. Puto moja hujazwa hewa likashika ukuta wa utumbo kama vidole vya fundi, mpira wa ndani ukasogea mbele, puto lake likashika, la nje likaachia na kufuata, kisha yote mawili yakavutwa taratibu na utumbo ukajikunja juu ya mpira. Zoezi hurudiwa tena na tena, pengine zaidi ya saa nzima, kupitia mdomoni au kupitia njia ya haja kubwa. Tundu likionekana, lazibwa papo hapo. Uvimbe ukionekana, kipande chake chakatwa kipelekwe maabara.

Si jambo dogo. Linahitaji dawa ya usingizi na mtu wa kuisimamia, linahitaji mikono miwili iliyofundishwa kwa pamoja, na mara chache huleta madhara kama kongosho kuvimba au utumbo kutoboka. Lakini pasipo njia hizo, linalobaki mara nyingi ni kisu: tumbo kupasuliwa ili mpasuaji aupapase utumbo kipande kwa kipande, au aingize kamera kupitia tundu alilolikata. Ni mzigo mzito kwa mtu ambaye tayari hana damu.

Ngazi ina vipago

Sitaki msomaji aondoke akidhani namtaka kila mwenye tumbo linalouma ameze kamera. La hasha. Katika kila wagonjwa 100 wanaovuja damu kwenye njia ya chakula, wataalamu hukadiria kwamba ni 5 mpaka 10 tu ambao tundu lao liko kwenye utumbo mwembamba. Waliobaki huonekana kwa kamera mbili za kawaida. Ngazi hupandwa kipago kwa kipago, na vipago vya chini viko karibu nasi.

Kipago cha kwanza ni swali lililoulizwa kwa lugha ya mgonjwa, faraghani. Cha pili ni dawa ya minyoo, albendazoli ya miligramu 400. Uganda hugawa dawa ya minyoo kwa watoto kila Aprili na Oktoba, lakini mama anayelima shamba lile lile wanalochezea watoto, ni nani humkumbuka? Cha tatu ni kupima wingi wa damu na kupima choo. Cha nne ni kuyatazama madawa yote anayomeza, pamoja na yale ya dukani. Cha tano ni kamera ya mdomoni, na cha sita ni ya utumbo mpana. Hapo ndipo wale wachache waliosalia wanapopaswa kukuta kipago cha saba, utumbo mwembamba.

Huku kwetu ngazi huvunjika mahali pawili. Chini, kwa sababu kila tumbo huitwa ama taifodi ama vidonda. Mtu hupimwa damu kwa dakika chache, hutibiwa taifodi, na mwezi unaofuata anatibiwa taifodi tena. Ni kweli taifodi ipo, na ni hatari; ikiutoboa utumbo mwembamba, mgonjwa anahitaji mpasuaji upesi. Ndiyo sababu isifanywe jina la kila kitu. Na juu ngazi huvunjika kwa sababu vifaa vya kuutazama utumbo mwembamba viko katika hospitali chache mno Afrika Mashariki, mbali na mwenye karatasi ya ukimbizi na watoto watano.

Safari inayolipwa na nyumba nzima

Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni kama kilomita 60. Kwenye ramani ni kidole kimoja. Kwa mtu asiye na damu, anayeona kiwi akisimama, ni bodaboda kwenye vumbi, kisha taksi iliyojaa, kisha kupanda kutoka stendi mpaka hospitalini. Uganda iliondoa ada katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, na mkimbizi hupokelewa humo kama mwenyeji. Hilo ni jambo la heshima kubwa, na nchi chache zinaweza kulisema. Lakini nauli haijaondolewa. Chakula cha muuguzaji hakijaondolewa. Siku ambazo shamba halikulimwa hazirudi.

Mama akilazwa siku nne, binti mkubwa huacha shule akamuuguze. Mdogo wake hubaki akipika. Mbuzi, kama yupo, huuzwa. Mgawo wa chakula wa wakimbizi umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, kwa hiyo hakuna akiba ya kufidia pengo. Kisha mama hurudi na damu ya watu wengine mwilini, uso umerudi rangi, watu wanamshukuru Mungu. Miezi minne baadaye safari ni ile ile, na mbuzi hayupo tena. Hesabu safari tatu kama hizo, uniambie ni kipi ghali.

Na damu yenyewe inatoka wapi? Benki ya damu ya Mbarara huhudumia eneo kubwa la magharibi. Sehemu kubwa ya wachangiaji Uganda ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa damu hupungua. Chupa ya tatu ya mtu ambaye tundu lake lingezibwa ni chupa ambayo mama aliyetoka kujifungua usiku ule angeihitaji. Kutolitafuta tundu kunamgusa mgonjwa wetu, na kunamgusa na yule tusiyemjua kwenye kitanda cha pili.

Nimewahi kuambiwa na mtu mwema kabisa kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, kwamba watu wanaopunguziwa unga hawapaswi kuzungumzia kamera. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Ujuzi wa magonjwa ya tumbo haukuja Uganda kama mgeni. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa watoto unaoitwa kwa jina lake, ambao huota tayani na pia tumboni, hata kwenye utumbo. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na swali lile lile: mmeuona uvimbe huu? Chombo chake cha kwanza kilikuwa swali ambalo hakuchoka kuliuliza. Leo tumeshindwaje kuliuliza swali moja kwenye daftari la kurasa 48?

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ninayoyataka yanatendeka. Kwanza, kuwe na kanuni fupi katika kila kituo kinachowahudumia watu wa Nakivale: chupa ya damu ya pili isiyo na sababu inayojulikana iandikwe pamoja na swali la chanzo, na jina la anayepaswa kulijibu. Pili, wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT, wafundishwe kuuliza habari za choo kinachonata kama lami, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, nyumbani kwa mtu, ambako milango hufungwa. Tatu, wagonjwa wa makazi watengewe siku yao ya kamera za kawaida Mbarara, na gari moja liwapeleke na kuwarudisha, badala ya kila nyumba kuuza mbuzi wake.

Nne, ukanda wa magharibi uwe na mahali pamoja pa kuutazama utumbo mwembamba, na pahali pake ni Mbarara. Mji huu una hospitali ya rufaa na una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanza mwaka 1989, ambacho hufundisha madaktari. Waanze na kidonge chenye kamera, kwa kuwa picha zake zinaweza kusomwa na mtaalamu aliye Kampala, Nairobi au popote pale. Wakati huohuo daktari na muuguzi wapelekwe pamoja kujifunza ule mpira wa maputo, maana kuliona tundu bila kuweza kuliziba ni kumwongezea mgonjwa huzuni.

Rufaa za wakimbizi hupitia kamati inayopima gharama na tumaini la kupona. Naielewa kazi hiyo ngumu, na siwatupii lawama walioibeba. Nawaomba waongeze mstari mmoja kwenye hesabu zao: gharama ya kutopima. Waweke chupa za damu, nauli, siku za kulazwa na muhula ambao binti hakusoma. Nadhani jibu litabadilika kwa wagonjwa kadhaa kila mwaka.

Na wenyeji wa Isingiro, wilaya ilimo Nakivale, wasidhani hili ni la wageni. Mpango wa Uganda wa kuhudumia wakimbizi umejengwa juu ya kanuni kwamba wenyeji wanaowazunguka nao wapate fungu lao. Mkulima wa ndizi anayevuja damu ana utumbo ule ule na barabara ile ile. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yule mama aliyesema mambo hayo si ya kusemwa mbele ya watu, hatimaye aliyasema, jioni moja jikoni kwake, akipepeta maharagwe. Choo kilinata kama lami tangu kabla ya vidonge. Tulirudi hospitalini tukasema. Alipewa dawa ya minyoo, akapitishwa kamera ya mdomoni, baadaye ya chini. Zote mbili zilikuwa safi. Daftari lake limeandikwa: hakuna kilichoonekana, aendelee na vidonge. Maandishi yanaishia hapo. Nilimpita wiki iliyopita shambani, akilima tuta moja na kuketi, tuta moja na kuketi. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki pembeni mwa chupa ya maji, kwa kuwa siku hizi hatoki bila hilo. Alinifungulia akanionyesha. Zimebaki kurasa 11.